Shelta, nyumbani, kwa jamaa ama fosta: mtoto akishaokolewa alale wapi?

Kila mara polisi wakivamia nyumba fulani Mtwapa ama Ukunda na kutoa wasichana waliouzwa kwa biashara ya ngono, watu wanashangilia siku mbili, picha zinazunguka kwa magrupu ya WhatsApp (jamani hizo picha musizizungushe hata kama uso umefichwa, mtaani mtu anajulikana kwa viatu vyake), halafu kimya. Hakuna anaeuliza yule mtoto usiku ule alilala wapi na miezi mitatu baadae alikuwa wapi. Na huo mwezi wa tatu tangu aokolewe ndio mbaya, manake hapo ndio wengine tunawakuta wamerudi kule kule walikotolewa.

Mimi ni mjitoleaji tu wa mambo ya watoto huku pwani ya Kenya, wale ambao chifu na afisa wa watoto wakizidiwa wanatupigia simu. Sina digrii ya saikolojia, nina masaa mengi tu ya kukaa kwa benchi za hospitali na korti. Naandikia mama, shangazi, babu, mwalimu, yeyote aliepigiwa simu akaambiwa "mtoto wenu amepatikana" na sasa anaulizwa mnamchukua ama abaki shelta, yaani nyumba ya hifadhi. Naandikia pia wale wanaotaka kulea na wale wa kuchanga, manake nyie pesa zenu ndio zinaamua nyumba gani inabaki wazi.

Sheria niipitie haraka. Mtoto ni yeyote alie chini ya miaka 18, na kwa sheria ya 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu haijalishi kama "alikubali" ama alinunuliwa simu na nguo akafurahi, mtoto hana kukubali hapo. Alieuza akipatikana na hatia ni kifungo kisichopungua miaka 30 ama faini isiyopungua shilingi milioni 30, ama vyote viwili. Na sheria hio hio inamkinga aliesafirishwa, hawezi kushtakiwa kwa makosa yaliyotokana na kule kusafirishwa, kwa hivyo ukimsikia askari anamtisha mtoto ati "na wewe tutakushtaki", muulize kwa upole ni kifungu gani, utaona anaanza kutafuta kalamu.

Anaeamua mtoto akae wapi ni mahakama ya watoto, kwa Mombasa mara nyingi mnaenda Tononoka. Lakini kabla hakimu hajasema kitu afisa wa watoto anaandika ripoti, anatembelea nyumba, anauliza jamaa, anamuuliza mtoto mwenyewe. Hio ripoti ndio nafasi yenu ya kusema. Watu wengi wanakaa kimya wakidhani ni mambo ya serikali halafu wanalalamika baadae.

Kabla ya kuchagua lolote, hospitali

Hapa hakuna ulinganisho, njia zote zinapita hapa kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72 na zinamezwa siku 28. Za kuzuia mimba zinafanya kazi hadi saa 120 lakini mapema ndio bora. Asioge kama bado, nguo zake zisifuliwe, zitiwe kwa bahasha ya kaki ama gazeti, sio nailoni manake nailoni inaozesha ushahidi (na nailoni yenyewe ilipigwa marufuku 2017 ingawa sote tunajua iko jikoni kwa nani). Daktari ama nasi anajaza fomu ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa), polisi wanatoa P3 (fomu yao ya uchunguzi wa daktari), na zote ni za bure, ukiulizwa pesa ya P3 ujue hio ni pesa ya mtu na mfuko wake. Kama ni zaidi ya saa 72 bado mpeleke, kuna vipimo, kuna magonjwa mengine, na pengine ana ujauzito asioujua.

Nimeweka hii juu kwa sababu nimeona familia zikigombana masaa sita nani amchukue mtoto huku saa zinaenda.

Swali la kwanza: nani alimtoa nyumbani?

Watu wanaanza kulinganisha vitanda na chakula, ati shelta wana godoro zuri, nyumbani wanalala chini. Hayo yaje baadae. Mimi nikiitwa nataka kujua kwanza nani alimshika mkono akamtoa kwao.

Manake huku kwetu hadithi mara nyingi inaanza na mtu anaejulikana. Shangazi wa kijijini anasema nimempatia kazi ya nyumba Mombasa. Jirani anasema kuna mzungu anasomesha watoto. Siku hizi ni simu, "mpenzi" ambae hajawahi kuonana nae anatuma nauli ya matatu kwa M-Pesa. Na kuna kesi, tuseme ukweli ingawa unauma, ambapo mama mwenyewe alijua ama hakutaka kujua manake unga ulikuwa unafika nyumbani. Na tuache kudhani mnunuzi ni mtalii tu. Utafiti wa UNICEF na serikali wa 2006, ule uliokadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 wameingizwa kwa biashara hii Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani, ulionyesha kundi kubwa kabisa la wanaume waliokuwa wakilipa ni Wakenya wenyewe, asilimia 38, Waitaliano na Wajerumani wanafuata nyuma. Yaani anaemnunua mtoto anaweza kuwa anaswali safu moja na babake ama anakaa benchi moja nae kanisani.

Basi gawanya hivi. Kama alietoa mtoto ni mgeni kabisa na wazazi walikuwa wakimtafuta, wamepiga ripoti, wana namba ya OB (kitabu cha ripoti cha polisi), nyumbani kunaweza kuwa pazuri na hata haraka. Kama alietoa ni jamaa, nyumba ile na nyumba zote zinazomtegemea yule jamaa kwa pesa ziondoe kwa orodha, kwa sasa. Nasema zote. Nimeshuhudia mtoto akipelekwa kwa bibi yake mzaa baba, bibi mtu wa sala na roho nzuri, lakini kodi ya bibi ilikuwa inalipwa na yule yule ami aliempeleka mtoto Mtwapa, na wiki ya pili ami kaja na mkate na soda "kumsalimia". Bibi angemfukuza vipi?

Na kama hamjui nani alimtoa, mtoto hataki kusema, msimlazimishe usiku ule. Hapo ndio shelta inashinda bila ubishi, manake ni mahali pa kungojea ukweli utoke.

Shelta na nyumbani, zikiwekwa pamoja

Shelta nzuri ina vitu ambavyo nyumbani huwezi kuvitengeneza hata ukiwa na pesa. Ukuta na mlinzi. Adresi isiyojulikana. Kaunsela anaekuja siku maalum, nasi wa kufuatilia zile dawa za siku 28 (zinachefua, mtoto akiwa peke yake anaziacha siku ya tano), gari la kumpeleka kortini, na zaidi ya yote wasichana wengine waliopitia yale yale, hapo hakuna anaemshangaa akipiga kelele usiku. Mombasa Solwodi wako tangu 1985 wakishughulikia wanawake na wasichana wanaotaka kutoka kwa biashara hii, Nairobi shirika la HAART, la kupambana na usafirishaji wa watu, wako tangu 2010 na wana shelta ya wasichana, kwa hivyo sio jambo jipya nchini, kuna watu waliokomaa kwa kazi.

Sasa ubaya wake. Mtoto ananyang'anywa simu, anaambiwa saa ya kulala, geti limefungwa, na anauliza swali ambalo sijawahi kupata jibu lake: mbona mimi ndio nimefungwa na yeye yuko nje kwa bondi? Kwa macho ya mtoto wa miaka 15 aliezoea kulala saa tisa usiku na kushika pesa yake mwenyewe, shelta ni jela yenye uji. Wengi wanatoroka, hasa wiki za mwanzo, na wakitoroka wanarudi kwa yule wanaemwita mpenzi, na watu wanasema "si unaona, anapenda mwenyewe". Hapendi, bwana. Yule mtu alikuwa anampiga na ndie alikuwa anamlisha, anamnunulia dawa akiugua, anamwambia kwenu hawakutaki, na akili ya mtoto inamshika huyo huyo manake hakukuwa na mwengine. Shelta inayojua kazi yake inampokea alietoroka hata mara ya tatu bila matusi. Shelta inayosema "ukitoka usirudi" kwangu mimi hio ni bweni tu.

Jambo jengine, shelta nyingi zinaishi kwa mradi. Mradi ukiisha kaunsela anaondoka, na mtoto aliekuwa ameanza kumwambia mambo anaachwa katikati, anaanza upya na mtu mgeni. Afadhali shelta ya kawaida ambayo metroni wake yuko miaka minane kuliko yenye ukuta wa rangi rangi na wafanyakazi wapya kila kipupwe.

Nyumbani je? Nyumbani kuna lugha yake, chakula chake, mdogo wake aliemkosa. Mtoto aliepokewa na mama akamwambia "karibu mwanangu" bila kumuuliza kitu, huyo anapona kwa kasi ambayo hakuna shelta inayoweza kuifikia, nimeona kwa macho yangu. Lakini mama akimpokea kwa "umetuaibisha" basi angeachwa shelta. Na majirani nao, watoto wanaambiwa wasicheze nae, wavulana wa kijiweni wanamtania bei. Haya yanamrudisha barabarani haraka kuliko njaa.

Halafu kuna maslaha. Watu wa pwani na wa kaskazini mashariki munalijua hili neno. Wazee wanakaa, familia ya mshukiwa inaleta mbuzi ama laki moja, kesi "inamalizwa nyumbani". Mtoto akiwa nyumbani kwa baba yake anayetaka yaishe, hana nguvu ya kukataa, siku ya ushahidi anapelekwa "kumtembelea nyanyake" bara. Kisheria mzazi hana uwezo wa kufuta kesi ya kunajisi mtoto, kesi ni ya serikali, lakini shahidi asipotokea mara tatu nne hakimu afanye nini? Kwa hivyo kama kwenu kuna harufu yoyote ya maslaha, mtoto abaki nje ya nyumba angalau mpaka ametoa ushahidi. Hapa sina huruma.

Kwa jamaa

Kwangu hii ndio njia inayosahaulika na pengine ndio bora kwa wengi, nyumba ya jamaa ambayo haina uhusiano na alietoa. Mama mdogo Voi, kaka mkubwa alieoa yuko Nakuru, shangazi mwalimu Kaloleni. Mtoto anabaki na jina la ukoo, anajua yeye ni wa watu fulani, na mtaa mpya haumjui. Serikali yenyewe inaelekea huko, kuna mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kutoa watoto kwenye taasisi na kuwarudisha kwa familia, na usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa 2017. Na tulihitaji, manake huku pwani kulikuwa na makao mengine ya kuvutia wafadhili tu, mgeni anashuka ndege leo kesho anabeba watoto mapajani anapigwa picha. Mtoto aliewahi kuuzwa kwa wageni unamweka nyumba ambayo wageni wanaingia na kutoka bila kuchunguzwa? Hebu fikiria.

Hatari ya jamaa ni moja kubwa, kufanywa mtumishi. Anachukuliwa kwa maneno mazuri halafu anakuwa wa kuamka saa kumi, kulea mtoto wa wenyewe, shule "mwakani". Na kumbuka wengi wao safari yao ilianza hivo hivo, kazi ya nyumba kwa jamaa. Kwa hivyo shangazi anaetaka kumchukua muulize kitu kimoja: nani anaosha vyombo kwako sasa hivi? Akisema "ndio hapo sasa, nitapata msaada", asante sana, tafuta jamaa mwengine.

Jambo la pili ni umbali. Mtoto akiwa Nakuru na kesi iko Shanzu, kila kuahirishwa ni nauli ya watu wawili, kulala njia, siku mbili za shule. Kesi hizi zinaahirishwa sana, leo hakimu yuko mafunzoni, kesho faili haionekani. Ukilinganisha, shelta iko karibu na korti na ina gari, jamaa yuko salama lakini mbali. Nilichoona kinafanya kazi ni kuomba upande wa mashtaka ushahidi wa mtoto uchukuliwe mapema, mwanzo mwanzo, halafu ndio ahame. Mtoto anaweza pia kutoa ushahidi nyuma ya kizuizi asimuone mshtakiwa, ama kupitia mtu wa kumsaidia kusema, na huyo mtu anaweza kuwa mzazi, jamaa, kaunsela ama afisa wa watoto. Ombeni, msingoje kupewa. Na msivunjike moyo mkiambiwa hakuna shahidi mwengine, kwa makosa ya kijinsia korti ikimwamini mtoto na kuandika sababu zake inaweza kumfunga mtu kwa maneno ya mtoto peke yake.

Fosta na kafaala

Hii ni familia isiyo ya damu, iliyochunguzwa na kuidhinishwa, sio "mimi nina chumba na roho safi". Kwa Waislamu sheria mpya ya watoto ya 2022 imeitaja kafaala waziwazi, na nafurahi manake wengi wa kwetu walikuwa wanaogopa wakisikia kupanga mtoto (kumuasili). Kafaala sio kupanga: mtoto anabaki na jina la babake, nasaba haibadiliki, mlezi anamtunza kama amana na akitaka kumuachia kitu anaandika wasia. Kwa binti alievunjiwa kila kitu, kubaki na jina lake ni jambo kubwa.

Ukilinganisha na shelta, fosta ina mtu mzima mmoja ambae yuko asubuhi na jioni, habadilishani zamu. Kwa mtoto mdogo, wa miaka minane tisa, naona hio ni bora kabisa. Lakini familia ni chache, na zilizopo zinataka watoto wachanga, binti wa miaka 16 mwenye hasira na simu mbili hakuna anaemtaka. Wachache wanaojitokeza hawajaandaliwa kwa yale yatakayokuja. Anaweza kulala chini ya kitanda. Anaweza kuficha chakula. Anaweza kumkaribia mwenye nyumba kwa njia isiyofaa manake ndivyo alivyofundishwa kwamba wema wa mwanamume unalipwa hivo, na mwenye nyumba asiejua anakasirika anamfukuza, ama mbaya zaidi. Hizo ni alama za kidonda, na familia isiyoweza kusikia hivo bila kushtuka isichukue.

Na hata majirani wasiambiwe. "Ni binti wa ndugu yetu, anasoma hapa," basi.

Wenzetu wa Tanzania nyie muna familia za kuaminika zinazosimamiwa na ustawi wa jamii, wazo ni lile lile. Sheria yenu ya usafirishaji haramu ni ya 2008, na namba ya kupiga kuomba msaada wa mtoto ni 116 bure kama ya kwetu.

Kaunseli haihitaji ukuta

Hili ndilo linawafanya wengi wachague shelta hata pasipo haja: "kule kuna kaunsela". Kweli kuna. Lakini tiba ya mazungumzo ya watoto waliopata mshtuko ilishajaribiwa Moshi na Bungoma kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi, vikao vya kundi 12, na waliokuwa wakiwahudumia hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Matokeo yalitoka 2020, na sehemu nyingi watoto wale walifanya vizuri kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida tu. Hawakuwa watoto waliouzwa, nalijua hilo, lakini somo ninalolichukua ni kwamba walezi nao walikuwa na vikao vyao. Mlezi anafundishwa jinsi ya kusikiliza. Shelta haiwezi kumpa mtoto hicho kama mlezi wake yuko kilomita 200. Kwa hivyo ukimpeleka kwa jamaa mwombe afisa akuunganishe na kaunsela wa kituo cha huko, na jamaa aende pia, hata akisema "mimi si mgonjwa".

Pesa na shule, kwa ufupi

Shelta ni bure kwa familia. Kwa jamaa mzigo unabaki kwa jamaa, na hapa tusidanganyane, Inua Jamii ya watoto, ile pesa ya msaada ya serikali, ni shilingi 2,000 kwa mwezi na sio kila mtu anaipata. Ndio maana wafadhili nawaambia, pesa ya kuweka mtoto mmoja shelta mwaka mzima ingelipia sare, chakula na nauli ya korti kwa jamaa kadhaa, lakini hakuna mfadhili anaetaka kupiga picha na nauli.

Shule, zipo zile za ndani ya shelta, sawa kwa miezi michache ya mwanzo manake hata kukaa darasani dakika arobaini ni kazi kwake. Zaidi ya hapo arudi shule ya kawaida, mpya, sio ile ya zamani. Mwalimu mkuu aambiwe machache tu na barua ya uhamisho isiandike sababu. Kama ana mtoto ama ni mjamzito ana haki ya kurudi, mwongozo wa wizara wa 2020 unasema hivo, mwalimu akikataa mwambie auweke ukataaji kwa maandishi. Halafu uliza mapema kama shelta inachukua mama na mtoto wake pamoja, nyingine hazichukui, na kuwatenganisha ni kumuumiza mara ya pili.

Mimi ningefanya hivi

Chini ya miaka 12 na jamaa salama yupo: kwa jamaa moja kwa moja, shelta siku chache tu za hospitali na uchunguzi. Jamaa hakuna: fosta ama kafaala, shelta ikiwa daraja.

Wa 13 hadi 16, na hawa ndio wengi: shelta kwanza, miezi sio miaka, mpaka ijulikane nani alimtoa na ushahidi uchukuliwe, huku jamaa anaandaliwa, anakuja kumtembelea, mtoto anaenda kulala kwake wikendi moja, mbili, ndio anahama. Asihamishwe ghafla kwa sababu ati kitanda kimehitajika.

Wa 17: shelta ya watoto wadogo itamkera na yeye atawakera. Hao wanafaa chumba cha kupanga wawili watatu na mama wa kuwaangalia, huku wanajifunza kazi, lakini iwe kazi inayolipa hapa kwetu. Kila binti alieokolewa pwani hii ameshafundishwa ushonaji na ususi, sijui watamshonea nani wote.

Wavulana nao wapo, ufuoni mule mule, na wazazi wao wanasema "mwanamume hawezi kudhurika". Shelta zinazowachukua ni chache mno, kwa hivyo kwao jamaa ama fosta ndio njia yenyewe, na muhakikishe hospitali hawajamruka zile dawa za saa 72 kwa kudhani ni za wasichana.

Ukienda kutia sahihi ya kumchukua mtoto usikubali kuondoka na mfuko wa nguo pekee. Omba kwa karatasi: tarehe ya korti inayofuata na namba ya kesi, kadi ya kliniki na siku ya kipimo kijacho, jina na namba ya kaunsela, namba ya afisa wa watoto wa kule mnakoenda (sio wa hapa), na laini mpya ya simu manake ya zamani yule mtu anaijua. Na umuulize mtoto mwenyewe anataka nani ampokee stejini. Mwaka jana mmoja aliniambia yeyote, bora asije na gari.